Herufi Saba Ubaoni

Saa kumi na nusu alasiri, wenzao wakiwa wamekwenda kufua na kucheza mpira, watoto 64 wa shule moja ya sekondari iliyo kando ya barabara ya Kasulu kwenda Kibondo walibaki darasani. Upande wa kushoto wa ubao hesabu za kidato cha pili zilikuwa bado hazijafutwa. Upande wa kulia mwalimu aliandika kwa chaki herufi saba, moja juu ya nyingine kama vipago vya ngazi: d, r, m, f, s, l, t. Juu kabisa akaongeza d nyingine yenye alama ndogo begani. Akashika kijiti, akagusa d ya chini, akanyamaza. Hakuna aliyeimba. Aliwangoja mpaka madawati yakaacha kulia na kikohozi cha mwisho kikaisha. Ndipo msichana mmoja wa mstari wa mbele akatoa sauti, nyembamba na tulivu, na darasa zima likaipokea.

Zilibaki wiki mbili kabla ya ibada ya siku ya waasisi katika Kanisa Kuu la Anglikana mjini Kasulu. Ibada yenyewe inaelezeka kwa maneno machache, maana kila aliyesoma shule ya kanisa anaijua. Kuna maandamano ya kuingia, msalaba mbele na Baba Askofu nyuma. Kuna masomo mawili, mahubiri, kutajwa kwa waliotangulia, na sadaka ya mavuno ambayo baadaye hunadiwa nje: mikungu ya ndizi, maharage, kuku waliofungwa miguu. Kinachostahili kusimuliwa polepole ni kazi inayofanyika kabla ya siku hiyo, ubaoni, mikononi na masikioni mwa watoto. Kazi ya mwalimu wa kwaya naihesabu miongoni mwa ufundi mkubwa tulio nao, na ningependa isifiwe kama tunavyomsifu fundi seremala anayeunga mbao bila msumari.

Tuanze na zile herufi. Zilianzia Uingereza, kwa mwalimu mwanamke wa mji wa Norwich aliyeitwa Sarah Glover, aliyetaka watoto na waumini wa kawaida waweze kuimba nyimbo za kanisa bila kujifunza mistari mitano ya wanamuziki. Katika miaka ya 1840 mchungaji John Curwen aliuchukua mtindo wake, akaunyoosha na kuueneza. Wamisionari wakaupakia pamoja na Biblia na dawa za malaria, ukafika Afrika Kusini, Madagaska, Uganda na kwetu. Ulikaa kwa sababu ulitufaa. Hauhitaji karatasi maalumu wala kinanda. Chaki inatosha, na pasipo chaki hata kidole mchangani kinatosha.

Wazo lenyewe ni jepesi na lina kina. Katika solfa, kama mtindo huo unavyoitwa, do haina mahali pake pa kudumu. Ni nyumbani tu, popote utakapoamua kujenga. Ukiiweka chini, sauti nyingine zote zinashuka pamoja nayo. Ukiipandisha, zote zinapanda. Mtoto hajifunzi sauti moja moja, anajifunza umbali kati ya moja na nyingine: so iko wapi ukitoka do, na ti inavyoitamani do ya juu kama mtu aliyekwisha kuona mlango wa nyumba yao. Akishaujua umbali huo, wimbo wowote unamfungukia.

Kisha yapo mapigo. Nukta mbili hutenganisha pigo na pigo. Nukta moja hulikata pigo nusu. Kistari kinamwambia mwimbaji aendelee kushikilia. Pasipoandikwa kitu, ni kimya, na kimya nacho huhesabiwa. Nilimwona mwalimu akisimama dakika nzima kwenye kistari kimoja. Watoto walikuwa wakiiachia sauti mapema, kama mtu anayeweka ndoo chini kabla hajafika mlangoni. Hakuwagombeza. Aliwaambia waimbe huku wakiinua mkono, na wasiushushe mpaka yeye ashushe wake. Walipofanya mara ya tatu kistari kilijaa mpaka mwisho, na nyuso zao zilionyesha kwamba wamesikia tofauti.

Mikono ni lugha yake ya pili. Curwen aliipa kila sauti ishara yake, na ishara hizo mwalimu huyu anazitumia hadi leo. Do ni ngumi iliyokunjwa. Mi ni kiganja kilicholala sambamba na ardhi, kitulivu kama meza. So ni kiganja kinachotazama kifua. Fa ni kidole gumba kinachoelekea chini, na ti ni kidole cha shahada kinachoelekea juu. Siku moja aliwafundisha beti nzima bila kutamka neno. Mkono wake wa kulia ulisema na soprano, wa kushoto ukasema na alto, na sauti mbili zikasikika darasani kana kwamba zinatoka katika vidole vyake.

Ugumu unaanza sauti zinapokuwa nne. Kila mtoto huvutwa na wimbo anaoujua, na wimbo anaoujua ni wa soprano. Mwenye alto hujikuta amepanda juu bila kukusudia. Dawa ya walimu wengi ni kuwaambia waimbe kwa nguvu zaidi, nao huziba masikio na kupiga kelele ili wasipotee. Huyu anafanya kinyume. "Imbeni kwa sauti ya kumsikia jirani," anawaambia. "Usipomsikia aliye kulia kwako, wewe ndiye umezidi." Anawapanga kwa kuwachanganya, soprano pembeni mwa besi, alto pembeni mwa teno, ili kila mmoja aibebe sauti yake huku nyingine tatu zinamzunguka. Siku ya kwanza ilikuwa vurugu. Siku ya nne niliyaona mabega yao yamelegea. Walikuwa wameanza kuimba na masikio.

Wavulana ndio walionifundisha zaidi juu ya huruma iliyomo katika ufundi huu. Mvulana wa miaka 14 hajui sauti yake itaamkaje kesho. Jana alikuwa alto, leo koo linapasuka katikati ya neno na wenzake wanacheka. Wengi huacha kuimba katika umri huo na hawarudi tena. Mwalimu amewawekea hao mahali pao. Katika kila wimbo anawaandikia mstari wa besi wenye sauti mbili au tatu tu, do na so, na pengine la, zile wanazozifikia bila kujikaza. "Hawa ni nguzo," aliliambia darasa siku kicheko kilipozuka. "Nguzo haichezi, lakini ukiiondoa, nyumba inakuja chini." Kisha akaliamuru darasa liimbe bila wao. Wimbo ulielea hewani kama nguo iliyoanikwa kamba ikikatika. Akawarudisha. Hakuna aliyecheka tena.

Ufundi ninaouheshimu kuliko wote ni ule wa kuliozesha neno na sauti. Sehemu kubwa ya tenzi tunazoimba makanisani zilitafsiriwa zikafuata tuni za Kizungu, na vitabu vyake vidogo vina maneno matupu, kwa hiyo tuni zimetunzwa vichwani mwa watu. Kiingereza hupenda kumaliza mstari kwa silabi nzito. Kiswahili mkazo wake uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu katika kila neno. Neno likiwekwa vibaya juu ya tuni, pigo kubwa linaangukia silabi ya mwisho, na tumezoea hivyo tangu utoto kiasi kwamba hatusikii tena kuwa tunalitamka neno kwa namna ambayo hakuna mtu angeitumia sokoni.

Kwa ajili ya siku ya waasisi mwalimu alitunga wimbo wake mwenyewe. Mstari mmoja ulisema waliotangulia walichimba kisima, nasi ndio tunakunywa. Katika rasimu ya kwanza pigo kubwa lilianguka kwenye silabi ya mwisho ya "kisima", watoto wakaimba kisiMA. Akawasimamisha. Akamwuliza kijana wa teno, "Nyumbani mama akikutuma maji, anasemaje?" Kijana akajibu kwa sauti ya kawaida, "Nenda kisimani." Mwalimu akamwambia arudie, kisha aseme neno lenyewe peke yake: kisima. Akageukia ubao na kufuta kwa kiganja. Silabi ya kwanza akaipa nusu ya pigo, iwe kama hatua ndogo kabla ya kuruka. "Si" akaiweka juu ya pigo kubwa, akaipandisha mpaka do ya juu na kuipa kistari. "Ma" akaiacha ishuke taratibu hadi la. Watoto wakaimba. Kwa mara ya kwanza nilikiona kisima: sauti ilipanda kama kamba inayovutwa, kisha ndoo ikatua ukingoni.

Kubadilisha nota tatu kulimchukua dakika kumi na tano. Asiyejua kazi hii angedhani muda umepotea, lakini dakika hizo zililirudisha neno kwa wenyewe.

Beti ya mwisho ni ya Kiha, lugha ya hapa, na hapo kazi ni ngumu zaidi. Kiha, kama ndugu yake Kirundi, ni lugha ya toni: kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno lenyewe. Kiswahili kitavumilia tuni yoyote mradi mkazo uheshimiwe. Kiha hakivumilii. Ukipandisha pale lugha inaposhuka, msikilizaji anaweza kusikia jambo jingine kabisa. Kwa hiyo mwalimu hakuanza na tuni. Alimwendea mama mmoja mzee wa jirani na shule, akamwomba aseme maneno yale kwa mwendo wa kawaida, mara nyingi, naye akachora kwenye daftari mistari inayopanda na kushuka kama vilima vya Buha vinavyoonekana kutoka dirishani. Tuni ikafuata vilima hivyo. Aliporudi kumwimbia, yule mama alisikiliza mpaka mwisho, akamwambia mahali pamoja tu ambapo neno lilikuwa limepinda. Aliparekebisha palepale, amesimama uani.

Walimu wa namna hii wana ukoo mrefu. Enoch Sontonga alikuwa mwalimu wa shule ya misheni ya Wamethodisti karibu na Johannesburg alipotunga, mwaka 1897, wimbo kwa ajili ya wanafunzi wake. Nyimbo zake aliziandika kwa solfa kwenye daftari la shule. Tuni hiyo ndiyo tunayosimama wima kuiimba, "Mungu Ibariki Afrika". Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, huko Kamina katika Katanga, padre Guido Haazen kutoka Ubelgiji alifanya kazi na wavulana wa shule na walimu wao hadi misa ya Kilatini ikaimbwa kwa sauti za Waluba. Hiyo ndiyo Missa Luba ya mwaka 1958, iliyosikika duniani kote. Mwaka 1963 Padre Stephen Mbunga, Mtanzania, alichapisha kitabu kizima juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Na hapahapa magharibi, watu waliofika na mizigo ya kichwani walikuja na kwaya zao. Warundi wa Ulyankulu mkoani Tabora waliifanya Barabara ya 13 kuwa jina linalojulikana na kila mpenda nyimbo za injili, na kambini Nyarugusu, iliyofunguliwa Kasulu mwaka 1996 kwa waliokimbia vita Kongo, ibada za Jumapili huimbwa kwa Kiswahili cha upande wa pili wa ziwa. Mwalimu wetu amezisikiliza zote, na daftari lake limejaa alichojifunza.

Nilimwuliza siku ya waasisi inamkumbuka nani hasa. Swali hilo halina jibu jepesi katika nchi hii. Wamisionari wa shirika la CMS kutoka Australia walichukua kazi ya Kianglikana katika sehemu kubwa ya Tanganyika kuanzia mwaka 1927. Dayosisi ya Western Tanganyika, yenye makao yake Kasulu, ilizaliwa mwaka 1966 chini ya Askofu Musa Kahurananga, ambaye baadaye alikuwa Askofu Mkuu wa Tanzania, na siku hizi Kibondo nayo ina dayosisi yake. Katikati, Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule nyingi za misheni mikononi mwa serikali, na Operesheni Kigoma ya mwaka 1972 ikawahamishia watu kwenye vijiji vipya. Shule zikabadilisha wenyewe, majina na mahali. Chini ya hayo yote walikuwapo watu ambao hakuna aliyewaandika: wainjilisti waliotembea kwa miguu, wazazi waliofyatua na kuchoma matofali, akina mama waliobeba maji ya udongo.

"Siwezi kuwataja wote," mwalimu aliniambia. "Nilifundishwa solfa na mwalimu wangu, naye alifundishwa na mwingine. Huyo wa kwanza simjui jina. Nikiwafundisha hawa vibaya, nimemzika. Nikiwafundisha vizuri, yupo."

Maneno hayo yamekaa nami. Tumezoea kumkumbuka mwanzilishi kwa jiwe lenye jina na picha ukutani ofisini. Lakini kazi nzuri ikifanywa tena, kwa uangalifu uleule, ni ukumbusho unaomfikia hata yule ambaye jina lake limepotea.

Alhamisi kabla ya ibada walikwenda kufanya mazoezi kanisani. Kanisa tupu linadanganya. Sauti inagonga kuta na kurudi ikiwa kubwa na tamu, na watoto, kwa furaha, wakaanza kuukimbiza wimbo. Mwalimu aliwaacha waimbe beti mbili, kisha akawaketisha. Akawaeleza kwamba Jumapili viti vitajaa, na mwili wa mtu, nguo zake na khanga ya mama yake vinakunywa sauti. Kile wanachokisikia kikirudi leo hakitarudi. Watajiona wanaimba shimoni, watashawishika kupaza sauti. "Msipaze," alisema. "Tamkeni. Konsonanti ndizo zinazotembea mpaka mlangoni." Wakaimba tena, sasa kwa mnong'ono, maneno yakiwa makali kama yamekatwa kwa wembe. Mimi nilikaa kiti cha mwisho karibu na mlango, na kila silabi ilinifikia.

Jambo moja lilikuwa likimsumbua mwalimu tangu mwanzo. Kwaya inayoimba bila kinanda hushuka. Hutokea polepole, mtu hajui. Sauti inayorudiwa mara nyingi hulegea, mi huimbwa chini kidogo kuliko inavyopaswa, na uchovu humaliza kazi. Wimbo ukiisha umeshuka nusu hatua, na besi wanakwaruza sakafu. Dawa yake ni kuwafikirisha juu: kila sauti inaporudiwa, waiwaze kama hatua mpya ya kupanda mlima. Dawa ya pili ilikuwa yule msichana wa mstari wa mbele. Tangu mwanzo wa muhula mwalimu alikuwa akimfundisha kuibeba do. Asubuhi mstarini anamgusia do kwenye kinanda kidogo kilicho ndani ya simu yake. Saa sita, akiwa kwenye foleni ya ugali na maharage, anamwuliza, "Do iko wapi?" Msichana anaitoa, mwalimu anapima kwenye simu, anamwonyesha kwa kidole: imepanda, imeshuka. Mwanzoni alikuwa akikosea kwa hatua nzima. Wiki ile ya ibada alikuwa akikosea kwa kiasi ambacho mimi sikuweza kukisikia.

Jumapili kulikuwa na baridi ya Kasulu, ile inayowafanya watoto waingize mikono ndani ya mikono ya sweta. Kanisa lilijaa mpaka nje. Baada ya mahubiri zamu ya kwaya ilifika. Mwalimu alisimama mbele yao, akamtazama msichana, akangoja kama anavyongoja darasani. Msichana aliinamisha kichwa kidogo, akatoa do kwa midomo iliyofungwa, sauti ambayo labda watu wa viti vitatu vya mbele tu ndio walioisikia. Wenzake 63 waliisikia. Wimbo ukaanza. Kisima kilipofika, neno lilitua mahali pake, na wazee walioketi mbele yangu wakatikisa vichwa kwa pamoja. Beti ya Kiha ilipoingia, mama mmoja upande wa kulia alianza kuitika maneno kabla hayajaisha, kana kwamba anazungumza na mtu.

Nje, mnada ulipokuwa umepamba moto na mkungu wa ndizi ukipandishwa bei kwa mara ya nne, nilimwona mwalimu amesimama chini ya mti, simu mkononi. Alimwita yule msichana. "Mlimalizia wapi?" Msichana akafunga macho, akaitafuta, akaitoa. Mwalimu akagusa simu, akaisogeza sikioni. Akampa simu naye asikilize.

"Imeshuka kama unywele," msichana alisema mwenyewe.

"Kama unywele," mwalimu akakubali, akamshika bega. "Jumatatu, saa kumi na nusu."

"Sawa, mwalimu."